MAONI YETU: MIKONO HUKODIWA, JICHO HALIKODIWI

Katika toleo hili twapenda kusema neno juu ya ujenzi wa meli. Twajua ya kuwa msomaji wetu wa Handeni atashangaa kidogo, na pengine atacheka, maana kwake hata maji ya kunywa ni ya kutafutwa. Hiyo meli itaelea wapi? Na msomaji wa Korogwe ana mto wa Ruvu, ambao ramani huuita Pangani, lakini nao kwetu huku hauchukui chombo kikubwa kuliko mtumbwi. Hata hivyo twamwomba kila mmoja asiufunge ukurasa huu upesi. Jambo tulilonalo lahusu kazi yetu sisi watumishi wa Serikali. Serikali inapotaka kitu kikubwa kisichoweza kutengenezwa na idara zake, ikamwita mkandarasi, au kontrakta kama walivyomwita wazee wetu, je, ni nani atakayeiangalia kazi hiyo kwa niaba ya raia aliyelipa kodi?

Jibu letu twalitoa mapema, ili msomaji mwenye haraka alipate. Mikono yaweza kukodiwa. Maarifa nayo yaweza kukodiwa. Lakini jicho la Serikali halikodiwi, na jicho hilo, ndugu wanachama, ni karani, mtunza stoo, fundi mkaguzi na mhasibu. Likifumbwa jicho hilo, au likiuzwa, au likitishwa, fedha yote iliyotolewa yaweza kwenda na maji.

Tuanze na habari za Mwanza. Tarehe 3 Septemba 2018 Serikali ya Tanzania ilitia sahihi mikataba minne kwa ajili ya vyombo vya Ziwa Victoria. Mmoja ulikuwa wa kujenga chelezo, yaani mahali pa kuundia meli na kuiteremsha majini. Wa pili ulikuwa wa meli mpya, MV Mwanza, iliyoitwa pia Hapa Kazi Tu. Miwili iliyobaki ilikuwa ya kuzitengeneza upya MV Victoria na MV Butiama. Thamani ya yote ilipita shilingi bilioni 150. Wakandarasi wakuu walitoka Korea ya Kusini, na kampuni ya Gas Entec ndiyo iliyopewa kazi ya meli mpya.

Siku kumi na saba tu baada ya sahihi hizo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilijengwa kuchukua watu 101; waliokufa peke yao walikuwa 228. Basi mtu asidhani ya kuwa meli ni pambo la Serikali. Watu wa visiwani hawana barabara nyingine, na chombo kibovu au kinachojazwa kupita kiasi huua kijiji kizima kwa dakika chache.

MV Victoria na MV Butiama zilirudi kazini mwezi wa Agosti 2020. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, iliyokusudiwa kuchukua abiria 1,200, mizigo tani 400, malori 3 na magari madogo 20, iliteremshwa majini tarehe 12 Februari 2023. Tangu sahihi hata kugusa maji ilipita miaka minne na miezi mitano, na ugonjwa wa Uviko-19, uliovuruga safari za watu na mizigo duniani kote, ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Tena mkataba ulitiwa sahihi katika utawala wa Rais John Magufuli, na meli ikateremshwa katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan. Jambo hili lafaa lifikiriwe na kila karani. Viongozi hubadilika, mawaziri huhamishwa, wahandisi wa kigeni hupanda ndege wakarudi kwao. Kinachobaki pale pale tangu mwanzo hata mwisho ni faili. Mwenye kulitunza faili ndiye anayeikumbusha Serikali ilichoahidiwa.

Kazi ya namna hii si mpya katika nchi yetu. Mwaka 1913 Serikali ya Kijerumani iliagiza meli kwa ajili ya Ziwa Tanganyika kutoka kwa Meyer, waunda meli wa mji wa Papenburg. Waliiunda kwanza huko kwao kwa kuifunga na bolti, wakaifungua tena vipande vipande, wakaipakia katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ewe mtunza stoo, fikiri mwenyewe: masanduku 5,000, na kipande kimoja kikikosekana meli haifungiki! Mkandarasi alileta watu wake watatu tu wa kuisimamia kazi, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Waliobaki wote, wenye kubeba, kuinua na kugonga ribiti, walikuwa mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika. Meli ikateremshwa tarehe 5 Februari 1915, nayo ikaitwa Graf von Götzen.

Vita ilipowazidi Wajerumani, meli hiyo ilizamishwa na wenyewe tarehe 26 Julai 1916, isichukuliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wale waliipaka mitambo yake grisi nzito, ili mwenye kuja kuiinua aikute haijaliwa na kutu. Ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Huo ndio mfano wa mkandarasi mwema: aliitunza kazi yake hata katika saa ya kuiangamiza. Walakini ndani ya habari hiyo mna huzuni kwetu. Majina ya Wajerumani watatu hutajwa kila inaposimuliwa; majina ya Waafrika waliogonga ribiti zile hayatajwi. Kazi waliifanya, lakini hakuna karani aliyeandika nani alijifunza nini, na ujuzi usioandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Msomaji wa Korogwe asidhani ya kuwa mifano yote yatoka mbali. Reli yetu ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na kampuni ya watu binafsi wa Kijerumani. Ilipofika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilometa 40 tu, kampuni ilikuwa imeishiwa na nguvu. Mwaka 1899 Serikali ilijitwalia reli hiyo, na njia ikafika Korogwe mwaka 1902. Basi stesheni ya Korogwe yenyewe ni ushahidi wa jambo tunalolisema. Mkandarasi aweza kuanguka katikati ya kazi, na siku anapoanguka mzigo wote humrudia Serikali. Ikiwa Serikali inajua kazi ilipofika, vifaa vilivyolipiwa na vilivyobaki, itaendelea. Ikiwa mambo yote yalikuwa katika kichwa cha mkandarasi na katika madaftari yake, Serikali itaanza upya gizani na kulipa mara mbili.

Wala lisemwe neno hili kuwa ni udhaifu wa nchi maskini tu. Mwaka 2002 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa mkataba mkubwa uitwao Deepwater kwa muungano wa makampuni mawili, Lockheed Martin na Northrop Grumman, ili kupata meli, ndege na mitambo ya mawasiliano. Makampuni hayo hayakupewa kuunda vyombo tu. Yalikabidhiwa pia sehemu kubwa ya kupanga kitakachoundwa na kuisimamia kazi yenyewe. Ndiyo kusema, mshonaji alipewa nguo ashone, kisha akapewa na kioo ajitazamie mwenyewe. Boti 8 za doria zilizokuwa na urefu wa futi 110 zilirefushwa ziwe futi 123. Mabati ya ubavuni yakaanza kujikunja, na mwezi wa Novemba 2006 boti zote 8 zikaondolewa kazini. Mwaka uliofuata Walinzi wa Pwani walitangaza ya kuwa wanajichukulia tena kazi ya kuongoza mpango huo. Nchi tajiri, yenye vyuo vya uhandisi visivyohesabika, ilijifunza kwa gharama kubwa ya kuwa jicho halikodiwi.

Hapa yafaa tufafanue, tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi ya kuwa Serikali isiombe msaada. Karani wa Handeni hawezi kuamka asubuhi akapima uzima wa bati la meli, wala si aibu kutojua jambo usilofundishwa. Serikali yaweza kumkodi mshauri achore michoro, apime viungo vya chuma vilivyochomelewa, afundishe, aonye. Lakini yako mambo matatu ambayo hayafai kutoka mikononi mwa watumishi wa Serikali. La kwanza ni kusema kitakiwacho: meli ya abiria wangapi, wa bandari zipi, kwa mizigo gani. La pili ni kukiri ya kuwa kazi imefanyika, yaani sahihi ile inayoifungua sanduku la fedha. La tatu ni kuzihifadhi karatasi. Mshauri aweza kutupa maneno ya kufikiri katika mambo hayo, lakini kalamu ibaki kwetu. Na apimaye asiwe mtu wa yule anayepimwa.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza ya kuwa hata roho za watu hupotea bila habari. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio maskini na ndio wengi, hawakuwa na orodha. Watu walikwenda pwani ya ziwa kuuliza habari za ndugu zao, na hapakuwa na karatasi ya kuwajibu. Nani atasema sasa ya kuwa kazi ya karani ni kazi ya kukaa kivulini?

Turudi nyumbani. Mwezi wa Juni 2022 Serikali ilitia sahihi mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na katika miji hiyo imo Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Bomba la maji na meli ni ndugu wa tumbo moja. Bomba likizikwa, nani ataliona tena kina chake? Meli ikipakwa rangi, nani ataona tena kiungo kilichochomelewa vibaya? Katika kazi zote mbili, kitakachofichwa sharti kipimwe kabla hakijafichwa, na kipimo kiandikwe siku ile ile, pale pale, na mtu aliyekiona kwa macho yake.

Hapa ndipo panapotuuma sisi, nasi hatuna budi kusema wazi. Makarani wengi wamewekewa mezani hati ya kupokea vifaa ambavyo hawajaviona. Huambiwa, "Tia sahihi, mwaka wa fedha unakwisha," au "Vitu viko njiani," au "Amri imetoka juu." Karani akitia sahihi, husifiwa kuwa mtu mwepesi wa kazi. Akikataa, huitwa mkaidi, na pengine barua ya uhamisho humfuata. Kisha wakaguzi wanapokuja, na vifaa havipo, aliyetoa amri kwa mdomo huwa hakumbuki, lakini sahihi ya karani huwa ingali inang'aa. Amri ya mdomo haina wino. Sahihi yako ina jina lako, namba yako na tarehe.

Kwa hiyo chama chetu kinaiomba Serikali, kwa heshima yote, mambo matatu. Kwanza, kila kazi ya mkandarasi, iwe meli ya Mwanza au kisima cha Kilindi, iwe na mtumishi wa Serikali aliyetajwa kwa maandishi kuwa mwangalizi wake, naye apewe nafasi ya kufika mahali pa kazi, maana kazi haipimwi kutoka ofisini. Pili, karani akiandika katika hati, "Sikuviona vifaa hivi," maneno hayo yahesabiwe kuwa ni utumishi mwema, asiadhibiwe kwa ajili yake. Tatu, karani akipokea amri ya kutia sahihi kinyume cha alichoona, awe na haki ya kuomba amri hiyo kwa maandishi. Hatuombi zawadi wala cheo; twaomba kinga ya mtu anayesema kweli. Gharama yake ni ndogo, na faida yake itamrudia Serikali mwenyewe.

Nasi wanachama tujitazame. Haki haitangulii wajibu. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya Serikali yapita katika mfumo wa kompyuta uitwao NeST, na wako watu wanaodhani ya kuwa mashine imewaondolea kazi ya kuangalia. Mashine haiingii stoo. Haihesabu mifuko ya saruji, wala haigongi bomba kusikia kama limepasuka. Hueleza kile tu alichoiambia mtu. Basi mwenye kuiambia uongo hupata uongo uliopangwa vizuri zaidi kuliko ule wa karatasi. Tena tuepukane na zawadi ndogo ndogo za mkandarasi: lifti ya kila siku, chakula cha mchana, vocha ya simu. Hizo hazionekani kuwa rushwa siku ya kwanza, lakini siku ya kupima, jicho lililoshiba hutazama pembeni.

Tumtendee haki na mkandarasi pia. Si kila mkandarasi ni mwizi, kama vile si kila karani ni malaika. Dawa ya deni ni kulipa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kwa mara jinsi Serikali inavyotozwa riba kwa sababu ya kuchelewa kuwalipa wakandarasi. Hati ya malipo iliyolala mezani kwa miezi mitatu ni hasara kwa taifa, hata kama hakuna aliyeiba senti moja. Mafundi huondoka, mitambo hukodishwa kwingine, na kazi hulala. Karani anayeichelewesha hati kwa uvivu, au kwa kungoja "aonwe," ameijeruhi meli sawasawa na fundi aliyechomelea vibaya. Tena tukumbuke ya kuwa wakandarasi wengine ni ndugu zetu. Huko Mwanza, kampuni ya Songoro Marine imeunda vivuko vya Serikali hapa hapa nchini. Mkandarasi wa namna hiyo hana benki kubwa ya ng'ambo nyuma yake; kumchelewesha malipo ni kumwua, na kumwua ni kujilazimisha kuagiza vyombo kutoka nje milele.

Neno letu la mwisho lahusu maarifa. Mgeni anapokuja kutujengea, malipo yetu kwake yanunue na elimu. Michoro ya kazi ibaki kwetu, na vitabu vya mitambo viandikwe kwa lugha ambayo mafundi wetu waisoma. Orodha ya vipuri iwe kamili, na vijana wetu walioshika chombo cha kuchomelea wapewe hati zinazoonyesha walichojifunza. Kipindi cha mkandarasi kurekebisha kasoro zake kisipite bila mtu kuandika kasoro hizo, maana siku kikiisha, kila ufa utakuwa ni mali yetu. Mambo haya yote yaandikwe katika mkataba kabla ya sahihi. Baada ya sahihi huwa ni kuombana tu, na mwombaji hapangi bei.

Pengine hakuna hata mmoja kati yetu atakayeitwa Mwanza au Kigoma kusimamia ujenzi wa meli. Lakini wiki hii hii, katika ofisi fulani ya Handeni au ya Korogwe, hati italetwa mezani, na mtu atasimama kando akisema, "Tia sahihi tu, Bwana Karani, gari langoja." Twamsihi mwanachama huyo ainuke kitini, achukue kofia yake na daftari lake, aende akahesabu kwanza. Gari litangoja.